Vazi la Spider-Man Lina Zipu Wapi? Kuuelewa Ufundi wa Mavazi Kwenye Matamasha ya Komiki

Kwenye ukurasa wa komiki, Spider-Man hana zipu. Hana mshono mgongoni, nguo yake haikunjamani nyuma ya goti anapochuchumaa, na macho yake meupe hupanuka akishtuka, hufinyika akikasirika. Mchoraji Steve Ditko ndiye aliyeichora nguo hiyo mwaka 1962, kwenye toleo la 15 la jarida la Amazing Fantasy, na hakuwa na sababu ya kujiuliza mtu wa kawaida angeingiaje ndani ya nguo ile. Mchoraji hadaiwi zipu. Anayedaiwa ni yule shabiki aliyeamua, miaka mingi baadaye, kuivaa nguo hiyo mbele za watu.

Picha za San Diego Comic-Con au New York Comic Con, matamasha makubwa ya komiki huko Marekani, huzunguka sana mitandaoni, na anayezitazama kwenye simu huona watu wazima waliovaa kama vibonzo. Hucheka au hustaajabu, kisha huendelea na mambo yake. Lakini ukilisogelea vazi lenyewe, unaanza kuona maamuzi. Rangi hii imechaguliwa badala ya ile. Mkanda umewekwa juu kidogo ya kiuno ili miguu ionekane mirefu, kwa sababu mchoraji naye alirefusha miguu. Mtu huyu ameutazama mchoro kwa makini kunishinda mimi ninayejiita msomaji, kisha ameujibu kwa uzi na gundi. Kwangu mimi hiyo ndiyo njia ya kuielewa kosplei, yaani kujivika na kujifanya mhusika wa hadithi: ni kusoma komiki kwa mikono. Na raha ya mtazamaji hukua kadiri anavyojua fundi alikuwa anapambana na nini.

Tuanze na historia, maana hapo kuna dhana moja ya kuondoa. Wengi huamini kwamba komiki zilikuja kwanza, matamasha yake yakafuata, na mavazi yakaongezwa mwishoni kama pambo. Sivyo. Julai 1939, mashabiki wa hadithi za kisayansi walipokutana New York kwa kongamano lao la kwanza la dunia, Superman alikuwa ametimiza mwaka mmoja tu tangu atokee, na tamasha la komiki lilikuwa halijawazwa. Hata hivyo wawili kutoka Los Angeles, Forrest J Ackerman na Myrtle R. Douglas, ambaye mashabiki wenzake walimwita Morojo, waliingia wamevaa mavazi ya watu wa zama zijazo. Morojo ndiye aliyeyatengeneza yote mawili, akichota kutoka kwa Frank R. Paul, mchoraji wa majarida ya hadithi hizo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza jambo lilikuwa lile lile: mwanamke mmoja na kitambaa chake akijibu mchoro wa mtu mwingine. Simulizi nyingi zimempa Ackerman nafasi ya mbele, na mimi naona aliyestahili kutangulizwa ni yule aliyeshika mkasi. Mwaka uliofuata, kongamano la Chicago lilikuwa na shindano la mavazi.

Komiki zilipata mkutano wao wenyewe New York mwaka 1964, watu wachache tu. San Diego ilianza Machi 1970 kwa siku moja katika hoteli ya U.S. Grant, ikarudi Agosti mwaka huo kwa siku tatu na watu kama 300. Shindano la mavazi likaingia rasmi 1974. Leo tamasha hilo hupokea watu zaidi ya 130,000 kila Julai. Japani nayo ilikuwa ikikuza utamaduni wake: soko la Comiket lilianza Tokyo mwaka 1975, na tangu 2003 Nagoya huwakusanya wavaaji kutoka mataifa mengi.

Sasa turudi kwenye meza ya fundi, maana huko ndiko kwenye uhondo.

Nguo ya Spider-Man hushonwa kwa spandeksi, kitambaa kinachovutika, kile kinachotumika kwa nguo za kuogelea. Shida ya kwanza ni utando wa buibui unaochorwa juu yake. Mistari yake lazima ianzie katikati ya macho, itawanyike usoni, ishuke shingoni, ivuke bega, na ifike kwenye vidole bila kuruka popote. Kila mshono ni mtego. Kipande cha bega kikisogea milimita tatu tu, mstari unakatika na jicho la shabiki linauona papo hapo. Baadhi ya mafundi huchapisha utando kwenye kitambaa kwa wino unaohamishwa kwa joto kabla ya kukata vipande. Wengine huchora kwa mkono, mstari baada ya mstari, kwa rangi nzito inayobaki imetuna ikikauka ili utando uinuke juu ya kitambaa na kushika kivuli. Hapo nako kuna hesabu: spandeksi ikivaliwa huvutika, kwa hiyo vyumba vya utando vilivyokuwa sawa mezani hutanuka kifuani na kubaki vidogo kiunoni. Anayeijua kazi huchora wakati kitambaa kimeshavutwa, kikiwa mwilini au kwenye sanamu ya kushonea.

Na zipu? Wengi huitia mgongoni kwa umbo la U, inaanzia bega moja, inashuka, inapanda bega la pili, na mistari ya utando inaificha. Ukisimama nyuma ya mvaaji na usiione, jua umesimama nyuma ya mtu aliyelala usiku wa manane.

Uso ndio unaonivutia zaidi. Kitambaa cha kubana kikivutwa usoni hulala puani na mdomoni, na shujaa anafanana na mtu aliyejifunga soksi. Ndiyo maana chini ya kinyago huvaliwa ganda jembamba la plastiki linaloupa uso umbo laini kama la kwenye mchoro. Macho hutengenezwa kwa wavu wenye vitundu vidogo mno: nje unaonekana mweupe, ndani mvaaji anaona njia. Halafu kuna wale walioufuata mchoro hadi mwisho. Macho ya kwenye komiki hubadilika umbo na plastiki haibadiliki, kwa hiyo wao huyashika macho kwa sumaku na kutembea na jozi za akiba mfukoni: jozi pana ya mshangao, jozi finyu ya hasira. Mpiga picha akiomba pozi la ugomvi, macho yanabadilishwa hapo hapo. Hakuna mhakiki wa komiki aliyenieleza umuhimu wa yale macho vizuri kuliko hizo sumaku.

Kuna swali jingine ambalo mtu asiyeshona hawezi kuliwaza: buluu ya Batman. Komiki za zamani zilichapwa kwa rangi chache kwenye karatasi duni. Ukijaza joho zima wino mweusi, umbo linapotea. Wachoraji wakachora joho jeusi na kuacha buluu mahali panapopigwa na mwanga. Miaka ikapita, buluu ikaenea, hadi joho likawa la buluu kweli. Sasa fundi akifungua ukurasa wa zamani, lazima aamue. Je, ile buluu ni mwanga? Basi atashona joho jeusi la kitambaa chenye kung'aa. Au ni rangi ya nguo? Basi atanunua kitambaa cha buluu na kukioanisha na kijivu cha mwili. Wote wawili wana ukurasa wa kuonyesha kama ushahidi. Ukiwaona Batman wawili wasiofanana kwenye korido moja, usiseme mmoja amekosea. Ni wasomaji wawili wanaobishana bila kufungua mdomo.

Deraya ni habari nyingine kabisa, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana faida asiyoijua. Malighafi kuu ya deraya za kosplei ni foamu ya EVA, jamii ile ile ya soli za viatu vya michezo na mikeka ya mazoezi. Gundi yake ni ya fundi viatu: unapaka pande zote mbili, unangoja ikauke hadi isishike kidoleni, kisha unabandika mara moja bila kubahatisha, kwa sababu ikishaumana hairudi. Vipimo hupatikana kwa kumfunga mvaaji karatasi ya nailoni mwilini, kuizungushia utepe wa kubandikia, kuchora deraya juu yake kwa kalamu, kisha kuikata na kuilaza mezani. Mwili wa mtu unakuwa ramani bapa. Vipande vikikatwa kwa kisu kilichonolewa vizuri, ukingo ukiwa umelazwa kwa pembe sahihi, viwili vikiumana vinajikunja vyenyewe na kuwa bega au goti.

Kisha huja hewa ya moto. Fundi hupitisha mashine ya kupuliza joto juu ya foamu, uso wake unabadilika kutoka kuwa kama wa sponji na kuwa laini wenye mng'ao kidogo, na vitundu vinajifunga ili rangi isizame. Ukichanja mstari mwembamba kwa kisu kisha ukaupuliza joto, mstari unafunguka na kuwa mfereji, kama vile bamba mbili za chuma zimekutana hapo. Baada ya hapo hupakwa tabaka la kuziba, rangi ya fedha, halafu rangi nyeusi nyepesi inayopakwa na kufutwa mara hiyo hiyo, ikibaki mifereji tu. Mwisho ni mguso wa brashi kavu yenye fedha angavu kwenye kingo. Hapa ndipo mafundi wakubwa hutengana na wengine. Wanajiuliza: shujaa huyu hushika upanga kwa mkono upi? Ngao husugua wapi? Akianguka, hutua kwa goti lipi? Mikwaruzo huwekwa pale hadithi inapoitaka, na kwingine huachwa safi. Mtu anayeipenda hadithi hiyo huona kovu la pigano analolijua, na raha yake haielezeki kwa mtu ambaye hajaisoma.

Nitaje pia jambo la afya, maana picha za kupendeza hazilionyeshi: gundi hiyo na vumbi la msasa huumiza mapafu. Kazi hii hufanywa mahali penye hewa, na barakoa ya kuchuja kemikali usoni. Barakoa ya kitambaa haitoshi.

Mashindano huwachanganya wageni wengi. Jukwaani mvaaji huonekana kwa muda mfupi sana, muziki unalia, taa zinawaka, ukumbi unapiga kelele kwa ajili ya mabawa yanayofunguka. Matokeo yanapotangazwa, tuzo ya ufundi inakwenda kwa binti mwenye gauni ambalo kutoka mbali lilionekana la kawaida. Sababu ni kwamba waamuzi wa ufundi walimaliza kazi yao nyuma ya pazia. Huligeuza vazi ndani nje. Hutazama mishono, bitana, pindo, jinsi uzi ulivyomalizwa, na huuliza kila kitu kilitengenezwaje. Chama cha International Costumers' Guild, kilichoanzishwa 1985, kina utaratibu wa madaraja ya ustadi ili mwanagenzi asipambanishwe na fundi bingwa, na aliyekwisha kushinda daraja la juu hashuki kuwanyang'anya wanaoanza. Nauona ni utaratibu wa haki, na ni wa kifundi hasa.

Kanuni nyingine zilizaliwa na matukio. Mwaka 1972, kwenye kongamano la dunia la hadithi za kisayansi huko Los Angeles, mchoraji kijana Scott Shaw, mmoja wa walioanzisha tamasha la San Diego, alijipaka siagi ya karanga mwili mzima ili kumwigiza mhusika wa komiki yake mwenyewe. Siagi ilipata joto la taa, ikaanza kuyeyuka, ikachafua palipoguswa. Tangu wakati huo mashindano mengi ya aina hiyo hukataza siagi ya karanga, na kwa upana zaidi chochote kinachoweza kuharibu vazi la mwenzako. Mtu aliyeshona kwa miezi sita anastahili ulinzi huo. Silaha za bandia nazo hukaguliwa mlangoni, na ukaguzi uliongezeka sana baada ya Mei 2017, mtu mwenye bunduki za kweli alipokamatwa kwenye tamasha la Phoenix.

Iliyo muhimu kuliko zote inahusu mikono ya mtazamaji. Wanawake waliovaa wahusika walikuwa wakishikwa na kupigwa picha bila ridhaa, kana kwamba kuvaa vazi ni kujitoa kuwa mali ya umma. Mwaka 2014 New York Comic Con iliweka mabango makubwa yenye ujumbe kwamba kosplei si ruhusa ya kumgusa mtu. Lilikuwa jambo la kuchelewa. Unaomba picha, unasubiri jibu, na hugusi kitu, hata kama ni bawa tu.

Kwa upande wa mvaaji, kinyago huleta shida na uhuru kwa pamoja. Ndani ya deraya kuna joto, macho huona kwa kitundu, na kunywa maji kunahitaji msaada, kwa hiyo wengi hutembea na msindikizaji wa kuwabebea chupa na kuwaelekeza kwenye ngazi. Lakini uhuru ndio ule alioutafuta Lupita Nyong'o mwaka 2017. Alikuwa San Diego kwa ajili ya filamu ya Black Panther, akavaa kinyago cha Ranger wa pinki, mmoja wa mashujaa wa televisheni waitwao Power Rangers, akazurura ukumbini na kucheza katikati ya umati uliokuja kuwaona watu kama yeye, na hakujulikana.

Hadi hapa nimezungumzia nguo, lakini matamasha haya yana nusu nyingine ambayo wapenda mavazi huipita haraka: meza za wachoraji. Ukurasa halisi wa komiki za Marekani huchorwa kwenye karatasi ya takriban sentimita 28 kwa 43, kubwa kuliko unaochapwa. Ukiuinamia unaona penseli chini ya wino, rangi nyeupe iliyofunika kosa, na mahali kalamu iliposita. Kurasa hizo zina historia chungu. Zamani kampuni zilizishikilia kama mali yao. Jack Kirby, aliyechora maelfu na kubuni nusu ya ulimwengu wa Marvel, alipigania zake miaka ya 1980, na mwaka 1987 akarudishiwa takriban 2,000 tu. Leo mchoraji anayeuza ukurasa wake mezani anatumia haki iliyopiganiwa.

Mwaka 2014 ulizuka ubishi mkali: je, mavazi yanawaua wachoraji? Hoja ilikuwa kwamba watu wanakuja kupigwa picha, wanaziba njia mbele ya meza, wanaondoka bila kununua kitu. Sehemu ya njia kuzibwa ni kweli, na mvaaji mwenye adabu husogea pembeni. Lakini hoja yenyewe siikubali. Aliyetumia miezi kuhesabu vifungo kwenye koti la mhusika ndiye mteja anayejua kwa nini ukurasa halisi una thamani, na nimeona wachoraji wakiinuka vitini mbele ya mtu aliyevaa mchoro wao, wakimzungusha kutazama mgongo ambao wao wenyewe hawakuwahi kuuchora.

Sheria ndiyo inayobaki na fundo. Mhusika ana mwenyewe, na mwenyewe huyo kwa kawaida ni kampuni. Huko Marekani nguo kama nguo hailindwi na hakimiliki, kwa kuwa ni kitu cha matumizi. Lakini mwaka 2017, katika kesi ya Star Athletica dhidi ya Varsity Brands iliyohusu sare za washangiliaji, Mahakama ya Juu ilisema michoro na mapambo ya nguo yanaweza kulindwa kama yanafikirika peke yake kama sanaa, yakitenganishwa na nguo. Mpaka kati ya nguo na sanaa ukabaki mwembamba. Kampuni nyingi huwaacha mashabiki, kwa kuwa shabiki aliyevaa ni tangazo linalotembea. Kinachobadilisha hali ni pesa. Mwaka 2021 serikali ya Japani ilitangaza kuangalia upya sheria hizo kwa ajili ya wavaaji wanaolipwa kuonekana, na hilo linaonyesha mambo yamefika wapi: kuna watu wanaoishi kwa kazi hii.

Kwetu, uzi huu una ncha mbili. Ruth E. Carter, aliyepata Oscar mwaka 2019 kwa mavazi ya Black Panther, aliwavika walinzi wa Dora Milaje wekundu na ushanga akiwatazama Wamaasai, na taji la malkia Ramonda lilichapwa kwa mashine ya pande tatu kwa umbo la isicholo, kofia pana ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Shabiki wa Atlanta sasa hukata foamu kuiga filamu iliyoiga mikono ya kina mama wa Kimaasai. Shabiki wa Arusha au Narok anaweza kwenda moja kwa moja kwa anayetunga ushanga na kumlipa, na natamani sana kuona vazi la namna hiyo likipanda jukwaani.

Nairobi ina tamasha lake la NAICCON, lenye wavaaji na wachoraji wake. Vifaa tunavyo. Gikomba na Karume zina makoti ya mitumba yanayoweza kukatwa na kugeuzwa, Kariakoo ina vitambaa, gundi iko kwa kila fundi viatu. Tena tuna mafundi cherehani kila mtaa, jambo ambalo shabiki wa San Diego angelionea wivu. Hapo nina angalizo moja tu. Mashindano mengi hudai mshindani awe ametengeneza sehemu kubwa ya vazi kwa mkono wake na aseme wazi nani alimsaidia. Kama fundi wa mtaani kwako ndiye aliyeshona joho, shiriki kwenye gwaride au kwenye picha badala ya shindano la ufundi, na mtu akilisifia, taja jina la fundi kabla hajakuuliza.